Shimo la kunyonya, mitaro au choo cha kuinua? Ulinganisho kwa anayejenga Kigoma au Tabora

Mwezi wa Aprili bibi mmoja wa upande wa chini wa Ujiji aliniita, choo chake kinarudisha. "Mwanangu, shimo limejaa, na halijamaliza hata mwaka wa pili." Nilifunua mfuniko nikakuta maji yamesimama kiganja kimoja tu chini ya bamba. Tuliyachota ndoo arobaini, tukaenda kunywa chai, na tuliporudi yalikuwa yamepanda palepale yalipokuwa. Shimo lilikwenda futi kumi na mbili, na sehemu yake kubwa ilikuwa imezama kwenye maji ya ardhini. Bibi yule alijengewa kisima akaambiwa ni choo.

Fundi aliyelichimba hakuwa mvivu. Ukuta ulikuwa umenyooka, tofali za kuchoma zimepangwa kwa kuachiana nafasi ili maji yapenye. Ila kuna swali halikuulizwa kabla ya jembe kugusa ardhi: maji yakitoka ndani ya nyumba mwezi wa Machi, udongo ukiwa umeshiba, yataelekea wapi? Wengi wanaojenga huniuliza karo, yaani tangi la maji taka, liwe na ukubwa gani, tofali ngapi, mifuko mingapi ya saruji. Hayo huja baadaye. Mimi ni fundi, nimejenga Kigoma na nimejenga Tabora, na ulinganisho huu ni wa yeyote ambaye bado hajamwaga kokoto kiwanjani. Ni wenu hasa mnaojenga kwa kutuma pesa mkiwa Dar es Salaam au nje ya nchi, maana kiwanja chenu hamtakiona kikiwa kimelowa.

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani. Kule adui wa karo ni baridi. Ardhi huganda kwenda chini zaidi ya mita moja, na maji yaliyotuama ndani ya bomba yakiganda, nyumba nzima hukosa choo mpaka joto lirudi. Kabla theluji haijaanguka, watu hutandaza nyasi kavu juu ya karo na mitaro yake ya kunyonya maji, unene wa sentimita 20 hadi 30. Majani ya juu huachwa marefu. Gari haliruhusiwi kupita hapo, kwa sababu udongo uliokandamizwa na theluji iliyokandamizwa hupitisha baridi hadi chini. Hata bomba la sinki linalodondosha tone moja moja hutengenezwa haraka, maana tone dogo huganda njiani, la pili likaganda juu yake, mpaka bomba likaziba. Na nyumba iliyofungwa wenyewe wakasafiri ndiyo hugandisha mapema, kwa kuwa hakuna maji ya moto yanayoshuka kulipasha karo. Aliponiuliza mbona sisi hatuyafuniki makaro yetu kwa nyasi, nilimwambia kwetu kinachoganda bombani si maji, ni mawese. Hilo nitalirudia. Lakini tulikubaliana kwamba karo hufa kwa sababu ya ardhi inayolizunguka. Yeye anapambana na ardhi iliyoganda, mimi napambana na ardhi iliyoshiba.

Ardhi unayoijengea

Kigoma mjini ni vilima vinavyoshukia ziwani. Ukiwa juu, maji ya ardhini yako mbali, lakini unaweza kuchimba mita moja na nusu ukagonga mwamba. Ukiwa chini karibu na mwambao, unachimba kwa raha mpaka maji yanakukuta. Na Ziwa Tanganyika lenyewe halikai mahali pamoja. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo ziwa hupanda na huchelewa kushuka. Lilipanda miaka ya 1960, na kati ya 2020 na 2024 lilipanda tena hadi likaingia kwenye nyumba za mwambao. Maji ya ziwa yakipanda, maji ya ardhini kwenye viwanja vya karibu nayo hupanda, hata kama mwenye nyumba haoni wimbi mlangoni.

Tabora ni habari nyingine. Mji uko kwenye uwanda, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na udongo hubadilika kadiri unavyoteremka taratibu. Sehemu za juu ni mchanga unaokunywa maji vizuri, ingawa mara nyingi chini yake kuna tabaka gumu la changarawe nyekundu. Sehemu za bonde ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi mbuga inapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia kwenye ufa. Masika inavimba, nyufa zinajifunga, na maji yanasimama juu yake siku nyingi. Mtu akichimba shimo la choo mbugani mwezi wa Septemba huona maji yakipotea kwenye nyufa akafurahi. Mwezi wa Februari shimo lilelile haliwezi kunywa hata ndoo.

Kwa hiyo pima, na upime masika. Chimba kijishimo chenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30, kwenye usawa ule ambao maji ya karo yatakuwa yanapita. Kijaze jioni, kijaze tena kabla ya kulala, udongo ushibe usiku kucha. Asubuhi kijaze, simamisha kijiti chenye alama, tazama saa. Maji yakishuka inchi moja ndani ya dakika tano, una mchanga. Yakichukua dakika kumi na tano hadi thelathini, una udongo wa kati unaofaa ukiupa eneo la kutosha. Yakipita saa nzima kwa inchi moja, ardhi hiyo imekataa, na usijaribu kuishawishi kwa kuchimba zaidi. Kando ya kijishimo hicho chimba kingine kirefu cha mita tatu, ukiache siku mbili kikiwa kimefunikwa vizuri, uone kama maji yatatokea na yatasimama wapi. Kazi hii ni ya vibarua wawili kwa siku mbili, gharama yake ni ndogo kuliko bei ya mfuniko mmoja wa zege.

Shimo moja dhidi ya karo lenye shimo lake

Nyumba nyingi bado zina shimo moja: choo kinamwaga humo, bafu linamwaga humo, ukuta una matundu, maji yanapenya, kinyesi kinabaki. Lina sifa zake. Ni rahisi, linachukua nafasi ndogo, na kwa familia inayobeba maji kwa ndoo linaweza kudumu miaka mingi. Sitamdharau mtu aliyenalo kwenye mchanga wa juu wa Tabora, mbali na kisima.

Shida huja bomba linapoingia ndani ya nyumba. Watu wa Tabora wameliona hili tangu maji ya Ziwa Victoria yalipofika: nyumba iliyokuwa ikitumia ndoo mbili kwa mtu sasa ina choo cha kuvuta, bafu la mvua na mashine ya kufulia. Shimo halikubadilika, maji ndiyo yameongezeka mara tatu au nne. Tena tope la kinyesi huziba matundu ya ukuta moja kwa moja, kwa sababu hakuna mahali pa kutulia kabla maji hayajafika kwenye udongo.

Karo hutatua hilo la pili. Ni tangi lisilovuja lenye vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Kizito kinazama, mafuta yanaelea, maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwenda kunyonywa. Kwa watu wanane wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku, yaani lita 800, mimi hujenga karo la ndani urefu mita 2.4, upana mita 1, na kina cha maji mita 1.3, karibu lita 3,000. Maji hukaa humo zaidi ya siku tatu likiwa jipya, na tope likijaa theluthi yake bado yanakaa zaidi ya siku mbili.

Lakini sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo watu wanapoteza fedha zao: karo halipunguzi maji hata kidogo. Lita 800 zikiingia, lita 800 zinatoka. Mtu mwenye shimo linalojaa kila masika akijengewa karo zuri mbele ya shimo lilelile, karo litajaa na shimo litabaki limejaa.

Shimo la kunyonya dhidi ya mitaro

Uamuzi wenyewe uko hapa, kwa hiyo nitakaa hapa muda mrefu.

Maji yakishatoka kwenye karo yana njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni shimo la kunyonya, refu na jembamba, lenye ukuta wa matofali yaliyoachiana nafasi au lililojazwa mawe. Ya pili ni mitaro: bomba la inchi nne lenye matundu, limelazwa juu ya kokoto ndani ya mtaro mfupi kwa kina, mrefu kwa urefu, kisha likafunikwa kokoto tena, turubai au majani makavu, halafu udongo. Karibu kila fundi atakupa shimo bila kukuuliza, kwa kuwa ndilo alilofundishwa na linakula nafasi ndogo.

Tupige hesabu. Udongo wa mchanga hupokea kwa salama karibu lita 50 kwa kila mita ya mraba ya ukuta kwa siku. Udongo wa kati, lita 25. Mfinyanzi, lita 10 au pungufu. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lenye kina cha mita 3.5 chini ya bomba lina ukuta wa mita za mraba 16 na ushee. Kwenye mchanga linamudu lita 800 za nyumba yetu. Kwenye udongo wa kati linamudu nusu, unahitaji mashimo mawili. Kwenye mfinyanzi unahitaji matano, na hapo afadhali uache.

Mtaro wenye kokoto za kina cha sentimita 80 una ukuta pande zote mbili, kwa hiyo kila mita moja ya urefu hukupa mita za mraba 1.6. Kwa udongo wa kati nyumba yetu inahitaji mita 20 za mtaro, labda miwili ya mita kumi kumi, ikiachana mita mbili. Unaona basi: kwa kazi ileile ya kunyonya, mitaro inakula uwanja, shimo linakula kina.

Na kina ndicho kinachotuua masika. Kanuni inayotumika sana kwenye kazi za afya ni kwamba sakafu ya shimo iwe angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini, ili udongo mkavu uliobaki uchuje vimelea. Shimo letu linafika mita 4 chini, kwa hiyo maji ya ardhini yasipande kamwe kupita mita 5.5. Mtaro unaishia mita 1.2 chini, unatosheka maji yakiwa mita 2.7. Kiwanja kinachokataa shimo kinaweza kukubali mitaro bila shida yoyote. Kwa bonde la chini la Kigoma, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya choo kinachofanya kazi mwaka mzima na kile kinachofanya kazi kiangazi tu.

Kwenye kilima chenye mwamba wa karibu, jibu ni mitaro tena, kwa sababu nyingine: huwezi kuchimba mita nne za mwamba, na ukichimba, maji hayanyonywi bali yanatafuta ufa na kutokea kwenye ukuta wa jirani wa chini. Mitaro ya kilimani ilazwe kufuata usawa wa kilima kama matuta ya shamba, isishuke nao. Ikishuka, maji yote yanakimbilia mwisho na kuibuka pale.

Shimo linashinda wapi? Kwenye mchanga wa juu wa Tabora, maji ya ardhini yakiwa mbali, kiwanja kikiwa kidogo na nyumba imeshajengwa. Pale sibishani nalo. Pia linashinda mahali ambapo tabaka la juu ni gumu lakini ukilipita unakutana na mchanga mzuri, kama ile changarawe nyekundu niliyoitaja. Pasua tabaka, ingia kwenye mchanga, ishia hapo.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina nafasi ya mitaro, lakini kama uliifikiria kabla ya kuweka msingi. Wengi wanajenga nyumba katikati, banda la nyuma, ukuta, paving za mbele, halafu wanaita fundi wa choo mwishoni. Kilichobaki kwake ni kona ya mita tatu. Chora mitaro kwenye karatasi siku ileile unapochora vyumba.

Tofali au tangi la plastiki

Matangi ya plastiki ya kufukia yanauzwa na yanavutia: siku moja limefika, siku ya pili limefukiwa, halivuji. Kwenye sehemu kavu sina neno baya juu yake. Kwenye maji ya ardhini ya juu lina hatari ambayo muuzaji huenda asikuambie. Tangi la lita 3,000 likiwa tupu halifiki kilo mia mbili, na maji yanayolizunguka yanalisukuma juu kwa nguvu ya tani tatu. Litapanda. Mabomba yanakatika, mfuniko unatokea juu ya ardhi. Ili kulishika kwa zege peke yake unahitaji karibu mita za ujazo mbili za zege lililofungwa nalo. Baada ya gharama hiyo, unafuu wa plastiki umeshakwisha.

Karo la tofali za kuchoma au bloku ni zito kwa asili yake, ila linavuja lisipopigwa lipu vizuri. Tofali zetu za kuchoma hunywa maji. Ndani piga lipu mara mbili umalizie na niru (saruji iliyokorogwa kwa maji), na nje piga pia, maana masika maji hayatoki tu, yanaingia. Karo linaloingiza maji ya ardhini linajaza mitaro yako kwa maji ya mvua ambayo hukuyatumia.

Kwa yote mawili kuna onyo moja: usiite gari la kunyonya maji taka katikati ya masika kama maji ya ardhini yako juu, ukalikausha karo lote. Tupu linaelea au ukuta wake unasukumwa ndani. Nyonya mwezi wa Agosti au Septemba, ardhi ikiwa kavu.

Ardhi ikikataa kabisa

Zipo sehemu ambazo kijishimo cha kupimia hakishuki, au maji yanasimama nusu mita chini ya miguu yako. Watu wa Kigoma wanaoishi kuzunguka bwawa la Katubuka wananielewa, na wa mbugani Tabora pia. Hapo kuna chaguo tatu.

Tuta la mchanga: mitaro inajengwa juu ya ardhi, ndani ya kilima kidogo cha mchanga safi uliosombwa. Ni zuri, lakini maji lazima yapande kulifikia. Kigoma kwenye mteremko nyumba inaweza kuwa juu na tuta chini yake, maji yakajiendea yenyewe. Tabora kwenye tambarare utahitaji pampu, na umeme ukikatika choo nacho kinakatika.

Tangi lililozibwa pande zote, la kunyonywa na gari: watu hulipenda kwa sababu linaonekana la kisasa. Nyumba yetu ya lita 800 ingejaza tangi la lita 5,000 ndani ya siku sita tu. Hakuna mfuko unaovumilia gari kila wiki. Lina maana kama maji ya choo pekee ndiyo yanaingia, kwa kumwagia kopo, labda lita 10 kwa mtu kwa siku. Hapo watu wanane hupata miezi miwili. Maji ya kuoga na kufulia yatafutiwe njia yake kwenye migomba.

Choo cha kuinua, kikavu, chenye vyumba viwili juu ya ardhi: mkojo unatengwa, kinyesi kinamwagiwa majivu, chumba kimoja kikijaa kinafungwa mwaka mzima huku kingine kikitumika. Kwa joto la kwetu mwaka mmoja wa kukauka unatosha kukifanya mbolea ya kufukia chini ya miti. Hakiogopi maji ya ardhini hata kidogo. Kinaogopa mtu mmoja anayemwaga maji ndani. Familia ya watu sita wanaokubaliana, nakipendekeza kwa moyo wote. Nyumba ya wapangaji wanaobadilika kila miezi mitatu, siwezi kukipendekeza, kwa sababu nimeshakiona kikiharibika kwa wiki moja.

Kwa ufupi wa macho:

| Aina | Inapofaa | Masika huwaje |
|---|---|---|
| Shimo moja | Mchanga wa juu, maji ya ndoo | Linajaa bomba likiingia ndani |
| Karo na shimo la kunyonya | Maji ya ardhini yako mita 5.5 au zaidi kwenda chini | Salama kwenye mchanga tu |
| Karo na mitaro | Udongo wa kati, mwamba wa karibu, bonde lenye maji mita 2.7 au zaidi | Hustahimili vizuri |
| Tuta la mchanga | Maji yako juu, nyumba iko juu zaidi | Hustahimili, uangalie kingo zake |
| Tangi la kunyonywa | Choo cha kopo, gari linafika | Barabara ya matope huchelewesha gari |
| Choo kikavu cha kuinua | Mbuga, mwambao | Hakina tofauti na kiangazi |

Mawese, miembe na paa

Kigoma tunapika kwa mawese, na mawese yakipoa hugandamana. Sufuria ya migebuka, samaki wetu wa ziwani, ikioshwa kwa maji ya moto, mafuta yanateremka laini, yakifika kwenye bomba lililo chini ya ardhi ubichi unayagandisha. Yanayofika kwenye mitaro hupaka kokoto utando, na udongo ukishapakwa mafuta haunywi tena. Usiruhusu maji ya jikoni yaingie kwenye karo bila kupita chemba ya mafuta: kisanduku cha tofali cha sentimita 60 kila upande, bomba la kutokea likichovya chini ya maji ili mafuta yabaki juu. Lifunuliwe kila wiki mbili, mafuta yaenguliwe kwa kopo. Kazi ya dakika tano. Sufuria ifutwe kwanza kwa majivu au gunzi, kama mama zetu walivyofanya.

Tabora shida yangu huwa ni miembe. Ni miti ya heshima na kivuli chake hakina mfano, lakini mizizi yake ikinusa maji ya karo itayafuata. Mitaro iwe mbali na mwembe mkubwa mita kumi kama unaweza. Kigoma sema hivyohivyo kwa michikichi, ingawa mizizi yake ni myembamba na huziba bomba zaidi kuliko kupasua ukuta.

Maji ya paa yasielekezwe kwenye karo, kamwe. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 50 ya saa moja linateremsha lita 5,000, matumizi ya nyumba yetu ya siku sita. Mfuniko wa chemba uinuliwe sentimita 15 juu ya ardhi, na kifereji kidogo kizungushwe upande wa juu wa mitaro kukinga maji yanayotambaa. Juu ya mitaro panda majani ya kawaida, usipaki gari, usiweke paving.

Kisima kiwe mita 30 kutoka kwenye shimo au mitaro. Kwenye viwanja vyetu hilo maana yake ni kuangalia cha jirani pia, kwa sababu ndani ya mita 20 za kwako huwezi kulitimiza. Ongea naye kabla ya kuchimba.

Kuna tabia ninayoichukia, ya kutapisha choo mvua inaponyesha: watu wanatoboa shimo usiku ili mvua ibebe uchafu. Unabebwa hadi kwenye kisima cha mtu, na mwisho ziwani, ambako kuna watoto wanachota maji. Mkoa wa Kigoma unakijua kipindupindu. Mwaka 2015 pale Kagunga, wakimbizi kutoka Burundi walipokusanyika ufukweni pasipo vyoo vya kutosha, wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu. Anayetapisha choo anarudisha hali ile kwenye mtaa wake mwenyewe.

Na mtu asiingie ndani ya karo au shimo, hata likionekana tupu, hata kumfuata aliyeanguka. Hewa ya humo inaua kabla hujapiga kelele ya pili.

Ningechagua nini

Juu ya kilima Kigoma, mwamba ukiwa karibu: karo la tofali na mitaro inayofuata usawa wa kilima. Chini karibu na ziwa: pima kwanza, ukipata mita 2.7 weka mitaro, usipopata weka choo kikavu na maji ya kuoga kwenye migomba. Mchanga wa Tabora: karo na shimo la kunyonya, na ukiacha nafasi ya mitaro ya baadaye utakuwa umejitendea wema. Mbugani: choo cha kuinua, au tuta kama una fedha na pampu. Na kama bado hujanunua kiwanja, nenda ukakitazame mwezi wa Machi.

Bibi wa Ujiji tulimfukia lile shimo. Uwanja wake una mwinuko kidogo upande wa barabarani, na maji pale tuliyakuta mita tatu chini, mwezi uleule wa Aprili. Tulimjengea karo dogo, mitaro miwili ya mita nane nane, kwa kuwa wanaishi watano tu. Masika yaliyofuata nilipita kumsalimu baada ya mvua ya siku mbili. Alinikaribisha ndani, akanipeleka uani, akachukua ndoo, akaimwaga yote chooni mbele yangu. Tukasimama wote wawili tukisikiliza maji yakienda.